Jacques Plante, mulinda-goli aliyekataa kurudi uwanjani uso wazi

Wasomaji wetu wengi hawajaona hoki ya barafu kwa macho yao, basi tuanze na muchezo wenyewe. Wachezaji wanavaa viatu vyenye chuma chini, wanateleza yulu ya barafu, kila mumoja na fimbo yake mukononi. Mupira hakuna: wanapiga kipande cha kauchu, kigumu sawa ubao, chenye uzito wa gramu 170 hivi. Mbele ya goli anasimama mutu mumoja wa kukizuia. Alikuwa amefunika miguu, kifua na mikono, lakini uso ulibaki wazi. Ndivyo ilikuwa desturi, na mutu aliyetaka kujifunika alizaniwa kuwa muoga. Clint Benedict alijaribu maske ya ngozi mu mwaka 1930, akaiacha kiisha michezo michache.

Jacques Plante alizaliwa tarehe 17 Januari 1929 mu jimbo la Quebec, kule Kanada ambako watu wanasema Kifransa. Alikuwa mutoto wa kwanza kati ya watoto 11. Pumu ilimusumbua tangu utoto, hakuweza kukimbia sana yulu ya barafu. Ndio maana alisimama mu goli. Mama yake alimufundisha kufuma kofia za sufu, na hata alipokuwa mukubwa mwenye jina, aliendelea kujifumia mwenyewe.

Aliingia mu ekipe ya Canadiens ya Montreal, akashinda nayo Kombe la Stanley mara 6: mu 1953, kiisha kila mwaka toka 1956 mpaka 1960. Alikuwa na akili yake peke yake. Aliacha goli na kwenda nyuma yake kuchukua kauchu ili awasaidie wenzake, kitu ambacho walinzi wengine hawakuzoea. Lakini kazi ile ilimuachia alama: pua na mifupa ya mashavu vilivunjika. Basi akaanza kuvaa maske wakati wa mazoezi. Antrenere wake, Toe Blake, alimuruhusu kwa mazoezi tu. Mu mashindano, apana. Aliogopa maske itamuziba macho.

Tarehe 1 Novemba 1959, ku New York, Andy Bathgate alipiga kauchu, ikamupasua Plante usoni. Damu ilitoka nyingi. Munganga alimushona, na wote wakangojea arudi. Plante akasema kama harudi pasipo maske. Wakati ule ekipe haikuwa na mulinzi wa pili wa kukaa tayari, basi Blake alikosa njia, akakubali. Plante akarudi na maske yake ya nyuzi za kioo, na Montreal ikashinda 3 kwa 1.

Ekipe ile ikacheza michezo 18 pasipo kushindwa. Hata vile Blake hakuacha neno lake: kidonda kikipona, maske itoke. Tarehe 8 Marsi 1960, ku Detroit, Plante alikubali kucheza uso wazi. Wakapigwa 3 kwa 0. Kesho yake maske ikarudi, na maneno yakaisha. Mwaka ule Montreal ilichukua Kombe kwa michezo 8, yote ya ushindi.

Mu 1962 alichaguliwa kuwa mucheza bora wa ligi yote. Alipelekwa New York mu 1963, akapumzika mu 1965, akarudi mu 1968 na ekipe ya St. Louis. Mu fainali ya 1970 kauchu ilimupiga usoni kwa nguvu hata akazimia. Maske ilivunjika, yeye alipona. Alikufa Geneva, mu Uswisi, tarehe 27 Februari 1986, na kansa ya tumbo.

Mulinzi wa mwisho kucheza uso wazi mu ile ligi alikuwa Andy Brown, mu 1974. Miaka 15 ilitosha kubadilisha desturi yote. Sisi tunaona jambo moja mu maisha haya: fundi anayeomba kofia ya chuma au gloves za kazi hatafuti uvivu. Plante alijifunika, na ushindi haukumukimbia. Mwenye kusimama mbele ya hatari njo anajua uzito wake. Yule anayekaa pembeni ya uwanja anaweza kusema juu ya uhodari, lakini uso unaopasuka si wake.