Msomi arejeaye asikate daraja

Nimewaona vijana wetu wengi wakisindikizwa hadi uwanja wa ndege kwa nyimbo na vigelegele, wakielekea ng'ambo kusoma kwa hisani ya wafadhili. Nimewaona pia wakirejea na shahada zao, na baada ya mwaka mmoja au miwili, hakuna tena barua inayokwenda wala kuja baina yao na waliowafunza. Nami simo nje ya lawama hii. Niliwahi kupata fursa kama hiyo, nikarudi nyumbani, nikashika chaki, na usuhuba niliouanza katika maktaba ya ugenini nikauacha ufe kwa ukosefu wa nauli na, sina budi kukiri, kwa uvivu wa kalamu. Ndiposa maisha ya Alexander von Humboldt hunisuta kila niyakumbukapo.

Humboldt alizaliwa Berlin tarehe 14 Septemba 1769 katika ukoo wa makabaila wa Prussia. Alifiwa na babake akiwa na umri wa miaka tisa. Alisomea madini katika chuo cha Freiberg, akawa mkaguzi wa migodi, na kwa fedha zake mwenyewe akawafungulia wachimbaji shule huko Steben. Mamake alipofariki mwaka wa 1796, alirithi mali ya kumtosha kuishi kwa raha mustarehe. Badala ya kustarehe, aliitumia mali hiyo kutafuta elimu.

Mnamo Juni 1799 alisafiri kutoka Uhispania hadi Amerika ya Kusini pamoja na Mfaransa Aimé Bonpland, bingwa wa mimea. Kwa miaka mitano walipima, walichora na kukusanya mimea, kutoka mto Orinoco hadi milima ya Andes. Tarehe 23 Juni 1802 walikwea mlima Chimborazo, katika Ecuador ya leo, hadi kimo cha karibu mita 5,900, ingawa hawakufika kileleni. Walikuwa pamoja na Carlos Montúfar, kijana mwenyeji wa Quito. Humboldt alirejea Ulaya mwaka wa 1804, akiwa amepitia Mexico, Cuba na Marekani, ambako alikaribishwa na Rais Thomas Jefferson.

Wengi wetu tungeishia hapo, tukihesabu kwamba safari imekwisha. Kwake yeye, kazi ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Alifanya makao yake Paris kwa zaidi ya miaka ishirini, akimaliza urithi wake kwa kuchapisha matokeo ya utafiti. Aliandika maelfu kwa maelfu ya barua kwa wataalamu wa mabara mbalimbali. Mwaka wa 1829 alizuru Urusi, akahimiza kujengwa kwa vituo vya kupima nguvu za sumaku ya dunia. Mwaka wa 1836 akawaandikia Waingereza wafanye vivyo hivyo katika makoloni yao. Alifahamu kwamba nchi moja pekee haiwezi kuipima dunia nzima.

Aliwashika mkono vijana pia. Mwaka wa 1832 alimtumia Louis Agassiz fedha alipokuwa taabani, ilhali yeye mwenyewe hakuwa tajiri tena. Kabla ya hapo, huko Paris, alikuwa amemjulisha kijana Justus Liebig kwa mabingwa wa kemia, na kwa pendekezo lake Liebig akawa profesa wa Giessen mwaka wa 1824, akiwa na umri wa miaka 21. Maabara ya Liebig iliwavuta wanafunzi kutoka nchi nyingi.

Chuo hicho cha Giessen si kigeni kwetu. Profesa Reinhold Hofmann alitoka huko akaja kufundisha Nairobi, na ni yeye aliyemhimiza Wangari Maathai kwenda Ujerumani mwaka wa 1967 kuendeleza utafiti wake. Maathai alirudi mwaka wa 1969, akapata shahada ya uzamifu Nairobi mwaka wa 1971, na mwaka wa 2004 akatunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel. Hayo ndiyo matunda ya vyuo viwili kujuana.

Humboldt alifariki tarehe 6 Mei 1859. Mwaka uliofuata wakfu uliasisiwa kwa jina lake. Mfumuko wa bei wa 1923 uliumeza mtaji wake, ukaanzishwa upya mwaka wa 1925, ukafa vita vilipokwisha mwaka wa 1945, kisha ukafufuliwa mwaka wa 1953. Wakfu huo haukuridhika na kuwaalika wasomi Ujerumani na kuwaaga. Uliwapa pia waliokwisha kurejea makwao ruzuku ya kuunganisha idara zao na za Wajerumani kwa muda wa hadi miaka mitatu, ili wagharimie safari, vifaa na mafunzo ya watafiti chipukizi.

Naona busara kubwa hapo. Tiketi ya kwenda humwelimisha mtu mmoja, bali ruzuku ya baada ya kurejea huweza kukielimisha chuo kizima. Hata hivyo, tusiwe wepesi wa kusahau yaliyompata Montúfar. Alipanda mlima ule ule, akauawa mwaka wa 1816 akipigania uhuru wa nchi yake, na leo ni wachache wanaomtaja. Ushirikiano ambao upande mmoja huleta fedha na mwingine huleta sampuli tu hutuachia nafasi ya Montúfar.

Kwa hivyo, vyuo vyetu navyo vitenge fungu lao, hata likiwa dogo, ili tuketi mezani kama wenzi na si kama waombaji. Nawe mwanafunzi unayefunga mizigo leo, jua kwamba deni lako halilipwi siku ya kupokea shahada. Nami, kwa kuwa kutangulia si kufika, jioni hii nitamwandikia sahibu yangu barua niliyomnyima miaka yote hii.