Wilbur Wright na Usukani wa Eropleni

Wilbur Wright alizaliwa tarehe 16 Aprili 1867 katika jimbo la Indiana, nchi ya Marekani. Alipokuwa mtu mzima alifungua duka la baiskeli mjini Dayton pamoja na mdogo wake, Orville.

Mwaka 1896 Mjerumani mmoja, Otto Lilienthal, aliyezoea kuruka kwa mabawa yasiyo na injini, alianguka akafa. Habari hiyo ilimfikirisha sana Wilbur. Akatambua ya kuwa kuinuka angani si kazi kubwa kama kukiongoza chombo kikiisha kuinuka. Kwa maana hewa haitulii, na chombo kisichotii usukani humwua mwenye kukipanda.

Basi tangu mwaka 1900 ndugu hao walikwenda kila mwaka pwani ya Kitty Hawk, penye mchanga na upepo mwingi, kujaribu vyombo vyao. Wilbur alikuwa amevumbua njia ya kuyapinda mabawa kwa kamba ili chombo kigeuke. Lakini mwaka 1901 aliona ajabu: mara nyingine chombo kiligeukia upande usiokusudiwa, kwa sababu bawa lililoinuka lilizuiwa zaidi na hewa, likabaki nyuma. Mwaka uliofuata wakaweka mkia wa kusimama. Orville akashauri mkia huo uweze kugeuka, naye Wilbur akaona yafaa uunganishwe na kamba za mabawa. Tangu hapo chombo kikatii.

Mwaka 1903 walitengeneza chombo chenye injini. Tarehe 14 Desemba walirusha sarafu ili kujua nani atangulie, na bahati ikawa ya Wilbur. Chombo kiliteleza juu ya reli yake kikaondoka. Mara Wilbur akakiinua pua kupita kiasi kwa usukani wa mbele, uliokuwa mwepesi mno kugeuka. Kikapanda ghafula, kikaishiwa na mwendo, kikaanguka mchangani baada ya sekunde 3 na nusu. Yeye hakuumia, lakini sehemu kadhaa za chombo zilivunjika. Wala hakukata tamaa, kwa kuwa alijua kwamba kosa lilikuwa katika mkono wake, si katika chombo.

Wakakitengeneza, na tarehe 17 Desemba wakajaribu tena. Orville alitangulia, akaruka futi 120 kwa sekunde 12. Safari ya nne ilikuwa zamu ya Wilbur. Mwanzo chombo kilipanda na kushuka kama mashua katika mawimbi. Lakini mkono wake ulikuwa umekwisha jifunza, akakiongoza mpaka kikatulia. Akaruka futi 852 kwa sekunde 59.

Wilbur alikufa kwa homa ya matumbo tarehe 30 Mei 1912, umri wake miaka 45. Hata leo rubani huongoza eropleni kwa mambo yale yale matatu: kuinua na kushusha pua, kulaza mabawa upande, na kugeuza mkia.