Isaac Singer, mtu aliyeacha jina lake kwenye mashini ya kushona

Mafundi wengi wa nguo wanajua Singer kama mashini, wachache wanajua kama alikuwa mtu. Isaac Merritt Singer alizaliwa mwaka 1811 katika jimbo la New York, Marekani. Alikuwa fundi wa vyuma, lakini alipenda zaidi kucheza teatre.

Mwaka 1850, kule Boston, alionyeshwa mashini ya kushona iliyokuwa inakwama kila mara. Akaitengeneza upya: sindano ikapanda na kushuka wima, mguu ukakanyaga pedali, mikono yote miwili ikabaki kuongoza kitambaa. Akapata breve mwaka 1851.

Lakini Elias Howe alikuwa na breve yake tangu 1846. Akamshitaki, na mwaka 1854 Singer akakubali kulipa dola 15.000.

Mashini ilikuwa ya bei kali sana kwa familia nyingi. Mshiriki wake, avoka Edward Clark, njo alianzisha kuuza kwa kulipa kidogo kidogo kila mwezi. Mama mshonaji akaweza kupeleka mashini nyumbani na kuanza kazi, ila akishindwa kulipa, inachukuliwa.

Singer alikufa Uingereza mwaka 1875, akiwa tajiri mkubwa.