Dk. Papanicolaou, aliyeiona saratani kabla haijauma

Wanawake wengi husubiri watokwe na damu isiyo ya hedhi, au waumwe nyonga, ndipo waende kupima saratani ya mlango wa kizazi. Daktari aliyeonyesha kuwa hakuna haja ya kusubiri hivyo ni Mgiriki, George Papanicolaou.

Alizaliwa mwaka 1883 katika mji wa Kymi, baba yake akiwa daktari. Mwaka 1913 yeye na mkewe, Andromachi, waliingia New York, Marekani, wakiwa na fedha kidogo na bila kujua Kiingereza. Mke alishona vifungo dukani, mume akauza mazulia, hadi alipopata kazi ya maabara.

Huko alichunguza kwa hadubini ute wa ukeni wa simbilisi, kisha wa wanawake. Mkewe alijitolea kupimwa kwa miaka mingi. Katika ute wa wagonjwa wa saratani, daktari huyo aliona seli zilizobadilika umbo. Alipotangaza jambo hilo mwaka 1928, wataalamu wengi hawakumjali. Aliendelea na kazi, na mwaka 1941 yeye na Dk. Herbert Traut walichapisha matokeo yaliyokubalika. Kipimo hicho kikaitwa Pap smia, na nchi zilizopima wanawake wake mara kwa mara zikaona vifo vikipungua.

Alifariki mwaka 1962 bila kujua chanzo cha mabadiliko yale. Miaka ya 1980, Harald zur Hausen wa Ujerumani alivikuta virusi vya HPV, aina ya 16 na 18, ndani ya uvimbe wa saratani hiyo. Virusi hivi huambukizwa kwa kujamiiana, na mara nyingi mwili huviondoa wenyewe. Vikibaki, huharibu seli taratibu, kwa kawaida kwa zaidi ya miaka 10. Ndani ya muda huo mwanamke haumwi popote, lakini anatibika.

Mzazi, binti wa miaka 9 hadi 14 apate chanjo ya HPV, ambayo Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018. Hukinga vizuri zaidi kabla hajaanza kujamiiana.

Mama, ukifika miaka 30 kapime hata kama huumwi. Anayeishi na VVU aanze mapema zaidi. Vituo vingi hupaka siki maalumu kwenye mlango wa kizazi, na sehemu yenye mabadiliko hugeuka nyeupe. Aliyechanjwa naye anahitaji kupima akifikia umri huo.