Papa Simon Kimbangu: Miezi Mitano Mbele ya Watu, Miaka 30 Mbele ya Mungu



Tunapokumbuka maisha ya Papa Simon Kimbangu, tunapenda kuhesabu maponyo na miujiza. Ni vyema kumshukuru Mungu kwa hayo. Lakini leo tutazame jambo jingine, lenye kimya: jinsi mtumishi huyu alivyojikana nafsi yake, hata jina lake mwenyewe akaliweka mikononi mwa Mungu.

Alizaliwa tarehe 12 Septemba 1887 kule Nkamba, katika Kongo ya Chini. Mama yake alifariki mapema, naye akalelewa na mama Kinzembo. Alimwoa Mama Marie Mwilu, na tarehe 4 Julai 1915 wakabatizwa katika misioni ya Wabatisti. Mungu aliwapa wana watatu: Kisolokele, Dialungana na Diangienda.

Mwaka wa 1918, wakati homa kubwa ilipoua watu wengi nchini, sauti ya Bwana ilimwita achunge kundi lake. Je, alifurahi? Hapana. Alijiona hana elimu wala hastahili. Akakimbilia Kinshasa kutafuta kazi, kama Yona alivyokimbilia Tarshishi. Huko hakupata raha, na mwishowe akarudi kwao. Wapendwa, tuangalie vizuri hapa. Kuna watu wanaoutafuta unabii kama mtu anayetafuta cheo. Yeye aliukimbia, hata Mungu mwenyewe alipomshinda.

Tarehe 6 Aprili 1921, kule Ngombe-Kinsuka, alimwekea mikono mgonjwa aitwaye Nkiantondo, akamwombea kwa jina la Yesu, naye akapona. Habari ikaenea. Watu wakaacha mashamba na kazi za wazungu, wakaijaza njia ya Nkamba. Mgonjwa alibebwa kwa machela, mama kwa miguu na mtoto mgongoni. Yeye aliwafundisha kutupa sanamu za uchawi, kuwa na mke mmoja na kumwamini Mungu peke yake. Uwezo hakuuita wake: alisema ni wa Kristo.

Serikali ya Wabelgiji iliogopa. Tarehe 6 Juni 1921 askari walifika kumkamata, lakini katika ghasia ile akaponyoka, akaendelea kuhubiri kwa siri. Makundi ya watu yalimpenda. Angeweza kuyaamsha yapigane. Hakufanya hivyo. Tarehe 12 Septemba 1921, siku ile ile alipotimiza miaka 34, alijitokeza mwenyewe Nkamba, akakamatwa bila kupinga.

Hesabuni pamoja nami: toka 6 Aprili mpaka 12 Septemba ni miezi mitano na siku chache tu. Hiyo ndiyo kazi yake yote ya hadharani.

Baraza la kijeshi lilimhukumu Thysville, ambayo leo ni Mbanza-Ngungu, bila wakili wa kumtetea. Tarehe 3 Oktoba 1921 akahukumiwa fimbo 120, kisha kifo. Wamisionari wa Kiprotestanti walimwombea, na mfalme Albert wa Kwanza akageuza hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Ndipo akapelekwa Elisabethville, mji wetu wa Lubumbashi, zaidi ya kilometa 1.500 kutoka kwao. Mwana wake wa mwisho alikuwa na miaka mitatu.

Miaka 30! Nabii aliyezungukwa na maelfu sasa hakuwa na mtu wa kumsifu. Hakuacha kitabu. Huko nje, kadiri ya hesabu ya Kanisa, jamaa 37.000 zilihamishwa kwa nguvu, na Mama Mwilu aliwatunza waamini kwa siri chini ya macho ya serikali. Mfungwa hakuweza kuwaongoza. Iliyobaki ni kuwakabidhi kwa Mungu. Tarehe 12 Oktoba 1951 alifariki akiwa bado mfungwa, mwenye miaka 64.

Kwa macho ya dunia, alishindwa. Lakini mbegu huoza chini ya udongo, hakuna anayeiona. Tarehe 24 Desemba 1959 Kanisa lilikubaliwa na serikali, na Aprili 1960 mabaki yake yalitolewa Elisabethville, yakarudishwa Nkamba, Yerusalemu Mpya.

Ndugu zangu, sisi tunasikitika tusipotajwa katika matangazo. Tunagombania kiti cha mbele. Mwimbaji anaacha kwaya kwa sababu mwingine ameongoza wimbo. Tunaomba kwa sauti kubwa mbele ya watu, lakini usiku, peke yetu, tunashindwa hata dakika kumi za kimya. Je, sala yetu ingeishi miaka 30 bila mtu kuiona?

Tunavua viatu mahali patakatifu. Tuvue na kiburi pamoja navyo. Wiki hii, kila mmoja atafute saa moja ya kupiga magoti bila kuomba kitu chochote kwa ajili yake, akae tu mbele za Bwana. Tena atende tendo moja jema ambalo hatalisimulia. Upendo, amri na kazi havihitaji mashahidi.

Mungu atubariki. Amina.