Isaya Mukirane: Mwalimu aliyehoji nani aajiriwe na serikali ya Toro

Katika ofisi za wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, na katika mji wa Bwera ulio jirani na mpaka wa Mpondwe, Wakonzo hii leo ni makarani, walimu, wauguzi na viongozi waliochaguliwa. Hali hiyo huonekana ya kawaida. Hata hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 1960 Mkonzo aliyetafuta kazi ya serikali katika eneo hilo hilo alilazimika kuiomba kwa watawala walioketi Fort Portal, na kwa lugha isiyokuwa yake. Mtu aliyeligeuza lalamiko hilo kuwa vuguvugu la kisiasa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Isaya Mukirane.

Chanzo cha malalamiko

Mkataba wa mwaka 1900 kati ya Waingereza na Omukama Kasagama uliweka miteremko ya Rwenzori chini ya ufalme wa Toro. Wakonzo wa milimani na majirani zao Waamba wa Bwamba wakawa raia wa ufalme ambao wengi wao hawakuutambua kuwa wao. Upinzani wa mwanzo ulizimwa kwa nguvu. Mwaka 1921 Tibamwenda na wenzake wawili waliuawa kwa kukataa utawala huo, na majina yao yakabaki katika simulizi za wazee.

Katika mfumo wa wakati huo, chifu wa saza au wa gombolola alikuwa mtumishi wa umma mwenye uzito mkubwa. Alikusanya kodi, alisikiliza mashauri na alipokea mshahara. Aliyekuwa na cheo aliweza kumsomesha mwanawe, na mwana aliyesoma ndiye aliyekuwa na matumaini ya kushika cheo baadaye. Wakonzo na Waamba walilalamika kwamba mzunguko huo uliwaacha nje: nafasi nyingi zilikwenda kwa Watoro, ufadhili wa masomo vilevile, na Kitoro ndicho kilichotumika shuleni, mahakamani na kanisani. Walilipa kodi kama wengine, lakini shule na zahanati zilikuwa chache kwao.

Mwalimu na chama cha historia

Ualimu ulikuwa miongoni mwa kazi chache za mshahara alizoweza kuzifikia kijana wa milimani aliyebahatika kusoma. Mukirane aliishi basi katikati ya pande mbili: alikuwa ndani ya mfumo kiasi cha kuuelewa, na nje yake kiasi cha kuuchukia.

Katikati ya miaka ya 1950, wakati mwandishi wa habari kijana kutoka Uingereza, Tom Stacey, alipofanya safari katika Rwenzori na kuwa rafiki yake, Mukirane aliongoza chama cha kutafiti historia na maisha ya Wakonzo. Kwa jina, kazi ya chama hicho ilikuwa kukusanya mila na simulizi. Lakini watu waliokutana kuzungumzia asili yao hawakukawia kuulizana kwa nini watoto wao hawapati shule, na kwa nini chifu anayewahukumu haelewi wanachosema.

Wakati huo huo uchumi wa eneo ulikuwa ukibadilika. Mwaka 1956 reli ilifika Kasese, na shaba ya Kilembe ikaanza kusafirishwa hadi Jinja kuyeyushwa. Madini hayo yakawa miongoni mwa bidhaa kuu za Uganda katika soko la nje. Kwa wakazi wa milima yalimochimbwa, swali la nani ananufaika likazidi kuwa zito.

Kutoka nje ya Rukurato

Mwaka 1961 Mukirane aliingia Rukurato, baraza la Toro, pamoja na wajumbe wengine wa Wakonzo na Waamba. Uganda ilikuwa ikijiandaa kwa uhuru, na Toro ilitaka katiba mpya iupe ufalme huo mamlaka yake ya ndani. Wajumbe hao walidai katiba iwatambue Watoro, Wakonzo na Waamba kuwa sawa, na nafasi za utumishi zigawanywe kwa haki. Dai lilikataliwa. Mapema mwaka 1962 walitoka nje ya baraza.

Mukirane alikamatwa pamoja na Yeremiya Kawamara na Petero Mupalya. Alipoachiwa kwa dhamana alipanda milimani, na tarehe 30 Juni 1962, zaidi ya miezi mitatu kabla ya uhuru wa Uganda, Rwenzururu ikatangazwa kuwa nchi inayojitenga. Tume ya serikali iliyoongozwa na Dkt. Ssembeguya ilikiri kwamba malalamiko ya ubaguzi yalikuwa na msingi, lakini haikupendekeza wilaya ya pekee.

Hapo ndipo viongozi hao watatu walipotengana. Kawamara na Mupalya waliendelea kudai wilaya ndani ya Uganda. Mukirane alichagua ufalme. Mwaka 1963 alitwaa cheo cha Omusinga kwa jina la Kibanzanga wa Kwanza, akaunda serikali yenye mawaziri, machifu, mahakama na kodi zake.

Gharama ya uamuzi huo ilikuwa kubwa. Hali ya hatari ilitangazwa, nyumba zilichomwa na watu waliuawa pande zote mbili, hasa mwaka 1963 na 1964. Waliokuwa wametoroka kodi ya Toro sasa walitozwa kodi ya Rwenzururu, na walioshukiwa kushirikiana na serikali waliadhibiwa vikali. Waziri Mkuu Milton Obote alimwomba Stacey apande kumshawishi rafiki yake wa zamani. Mukirane hakukubali kushuka.

Kifo na kilichofuata

Mukirane alifariki dunia milimani tarehe 2 Septemba 1966. Mwanawe, Charles Wesley Mumbere, alirithi kiti akiwa na umri wa miaka 13. Mwaka uliofuata Uganda ilifuta falme zote, ukiwemo wa Toro.

Wilaya iliyodaiwa kwa miaka mingi ilipatikana mwaka 1974, pale Idi Amin alipoigawa Toro. Maeneo hayo ndiyo yanayojulikana leo kama Kasese na Bundibugyo. Mwaka 1982 Mumbere aliafikiana na serikali ya Obote kumaliza uasi, kisha akaenda Marekani, ambako mwana huyo wa mfalme alifanya kazi ya mshahara ya kuwahudumia wazee katika jimbo la Pennsylvania. Serikali ya Uganda iliutambua ufalme wa Rwenzururu Oktoba 2009. Miaka saba baadaye, Novemba 2016, vikosi vya serikali vilivamia kasri ya mfalme mjini Kasese, na zaidi ya watu 100 waliuawa.

Mukirane hakuishi kuiona wilaya wala kutambuliwa kwa ufalme. Katiba ya Toro aliyoipinga imekwisha kutoweka, na wenzake waliodai wilaya ndio waliothibitika kuwa karibu zaidi na matokeo. Lakini dai walilolipeleka pamoja Rukurato, kwamba alipaye kodi naye awe na nafasi katika ofisi inayoipokea, ndilo lililofungua njia kwa karani anayehudumia wananchi kwa Kikonzo leo katika ofisi ya Bwera.