Kivoi na Kigumba cha Sumu
Mto Thika humwaga maji yake katika Tana, na karibu na Tana ndipo alipouawa Kivoi wa Mwendwa, Agosti 1851. Mombasa ilimjua mkuu huyu wa Kikamba kwa pembe za ndovu. Kwake Kitui ndipo mmisionari Krapf alipouona Mlima Kenya, mwaka 1849.

Na pembe zile? Zilitokana na kigumba. Ndege alitoshwa na mshale wa mti mtupu. Ndovu alitaka kigumba cha chuma kilichopakwa sumu ya msunguti na kuviringwa ngozi laini isikauke. Kilipoingia kilibanduka utini, kikabaki nyamani.

Safari ya mwisho alikuwa na Krapf. Wanyang'anyi wakawavamia ghafla, msafara ukatawanyika. Krapf alirudi pwani kwa taabu. Kivoi hakurudi Kitui.